Mimea hewa ndani ya nyumba: kazi iko kwenye kukausha

"Hiyo haina shida, inakula hewa tu." Aliyeniuzia mmea hewa wa kwanza aliniambia hivyo, rafiki yangu anayejua kila kitu akarudia hivyohivyo, na hata kile kikaratasi kilichofungwa kwenye mmea kiliandikwa karibu maneno yaleyale. Sasa hivi nikiisikia sentensi hiyo nakunja uso kabla mtu hajamaliza. Hakuna mmea unaoshiba hewa. Huu unakunywa maji sawasawa na mingine, ila unayanywea kwenye majani; mizizi kazi yake ni kushikilia basi. Kwao, kuanzia kusini mwa Marekani kushuka hadi Argentina na Chile, unaota juu ya matawi, kwenye miamba, mpaka kwenye nyaya za umeme, na unaishi kwa mvua, umande na ukungu. Wala haunyonyi mti unaoukalia, hilo nalo nimeshabishana na watu.

Kundi la pili la washauri ni la "pulizia maji kila siku". Hao ndio wabaya zaidi, maana wanachosema kinakaribia ukweli. Ukipulizia, ncha za majani zinalowa kidogo na kukauka kabla mmea haujanywa cha maana. Matone yaliyobaki yanateremka taratibu hadi katikati, pale majani yanapobanana, na yanakaa humo. Ukirudia kila siku unapata mmea wenye kiu juu na unaooza chini, vyote kwa pamoja. Wangu wa kwanza, Tillandsia ionantha (Tillandsia ndilo jina la kitaalamu la mimea hewa), ulikwenda hivyo. Kwa juu ulikuwa unapendeza tu. Nikashika jani la katikati nilipanguse vumbi, likachomoka. Nikashika la pili, nalo likaja bila ubishi wowote. La tatu likaja na moyo mzima, kitako cheusi, kinateleza na kinanuka. Mshauri wangu alipouona alikagua zile ncha kavu na kutoa hukumu kwa kujiamini kabisa: "Umeunyima maji, ongeza kupulizia."

Nisiwasahau wanaouza ile mipira ya kioo yenye tundu dogo. Ni mizuri, nakubali. Lakini ndani yake hewa haizunguki, na ukiurudisha mmea humo ukiwa na unyevu ni kama umeuvundika. Mpira wangu nimeutilia kokoto nyeupe, haujapewa tena kitu chenye uhai.

Basi nikaacha kusikiliza watu nikaanza kuuangalia mmea wenyewe, na hapa naomba mniruhusu nijisifu kidogo.

Chukua mmea hewa wa rangi ya kijivu, uchovye majini, uangalie. Unageuka kijani papo hapo, mbele ya macho yako. Ule ukijivu ni vigamba vidogo mno vilivyofunika jani. Vikiwa vikavu vimesimama na vinarudisha mwanga, ndiyo maana jani linang'aa kifedha. Vikipata maji vinalala na kupenyeza mwanga, na kijani cha jani kinaonekana. Ukivuta karibu kwa kamera ya simu utaviona. Hivyohivyo ndivyo vinavyofyonza maji. Maana yake mmea wenyewe unakutangazia kama umelowa au umekauka, na hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kuniambia.

Nikawa naloweka, natoa, nauweka kwenye sahani, halafu nafuatilia ukijivu ukirudi. Ncha zinatangulia, katikati ya jani inafuata. Ila chini kabisa, kwenye shingo, kijani kibichi kinabaki mpaka jioni. Hapo ndipo nilipomfahamu muuaji. Kuloweka hakukuwa na tatizo lolote. Tatizo lilikuwa yale matone mawili matatu yaliyolala shingoni, ambayo huwezi kuyaona mmea ukiwa umekaa wima kwa heshima kwenye sahani.

Ujanja ninaojivunia ulikuja baadaye. Nilichukua mizani ya kidijitali ya jikoni, ile inayosoma hadi sehemu za gramu, nikawa napima mmea uliotoka majini kila baada ya muda. (Watu wa nyumbani walicheka sana. Mtu mzima anapima jani.) Mwanzoni uzito unashuka haraka, kisha unafika mahali unagoma. Ukigoma, ujue maji ya nje yamekwisha. Uzito uliozidi ule wa kabla ya kuloweka ni maji ambayo mmea umeshayaingiza ndani, hayo ni mali yake. Nikashindanisha namna mbalimbali. Mmea uliokaa wima kwenye sahani ulikuwa bado unapungua jua likizama. Uliolazwa ubavu juu ya taulo ulikuwa na nafuu. Lakini niliouning'iniza kichwa chini, feni ikipuliza taratibu kwa mbali, uligoma kupungua kabla ya saa sita mchana, na shingo ilikuwa kijivu kama ncha.

Tangu siku hiyo nina kamba fupi na vibanio vya nguo vya plastiki. Kila mmea ukitoka kwenye beseni naushika, naupindua, naukung'uta kwa nguvu mara kadhaa, halafu nabana jani moja la nje na kuuacha uning'inie. Kabla ya masaa manne uwe umekauka. Huo ndio mpaka wangu, ukipita naongeza feni. Mizani nimeirudisha jikoni, macho yanatosha.

Tillandsia bulbosa ndiyo inayodai kukung'utwa kuliko zote. Kitako chake kimetuna na ndani kina uwazi (porini sisimizi hufanya makazi humo), kwa hiyo maji yakiingia hayatoki kwa hiari. Ukiipindua utashangaa yanavyomwagika kutoka kwenye kitu ulichodhani kimekauka.

Kuloweka kwenyewe hakuna la kusimulia. Nusu saa hivi, mara moja kwa wiki, joto likizidi mara mbili. Majani yakijikunja kwa ndani na kuwa membamba ni kiu, ongeza muda. Maji ya mvua ni bora kuliko yote. Ya bomba yanafaa kama hayana chokaa nyingi. Yale yaliyolainishwa kwa mashine inayotumia chumvi usiyaguse.

Ila saa ya kuloweka ina sababu, na hapa pia nilipotoshwa: "loweka jioni ukitoka kazini, usiku itapumzika." Itapumzika wapi? Mimea hii mingi inafungua vitundu vya majani usiku, inavuta kaboni dayoksaidi na kuihifadhi kama asidi, mchana inavifunga ili isipoteze maji na kuitumia ile akiba kwenye mwanga. Ukiulaza umelowa, tabaka la maji limeziba vitundu saa ileile ya kuvuta. Loweka asubuhi. Ukiamka umechelewa, ahirisha hadi kesho, haufi kwa siku moja.

Si kila mmea hewa unaingia beseni, ingawa. Wenye majani laini ya kijani unapenda maji zaidi, wa kijivu unavumilia ukavu. Tillandsia tectorum, ile nyeupe yenye manyoya inayotoka Ekwado na Peru, mimi siiloweki kabisa; hiyo ndiyo pekee ambayo watu wa kupulizia wako sahihi, tena mara mojamoja na pawe na hewa ya kutosha. Tillandsia xerographica ni kubwa, inakua polepole sana, naichovya tu na kuipindua. Ukinunua hiyo uliza imeoteshwa wapi, kwa sababu iko kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, kutokana na ilivyochumwa porini, na inayooteshwa kitaluni ipo.

Mwanga: karibu na dirisha, mwangavu, bila jua kali la mchana kugonga majani moja kwa moja. Kuna wanaosema weka bafuni kwa sababu ya mvuke. Bafu langu halina dirisha. Mvuke si chakula.

Kitu kingine kilichokaribia kunitia hasara ni zawadi. Nilipewa kishikio kizuri mno cha waya wa shaba, kimesokotwa kwa mkono. Shaba ni sumu kwa ukoo huu mzima wa mananasi (ndiyo, ni ndugu wa nanasi), na ikigusana na mmea uliolowa inazidi kudhuru. Nimekitundika ukutani kikiwa kitupu, aliyenipa akija anauliza, nambadilishia mada. Kufungia natumia mshipi wa kuvulia samaki, ni rahisi na hauonekani. Gundi ya kuyeyusha inafaa kama imepoa kidogo na haizibi kitako, lakini utakuja kujuta siku ya kuloweka, maana utaloweka na gogo ulilobandikia mmea.

Mbolea soma nyuma ya chupa: isiwe na shaba, na naitrojeni yake isiwe ya urea, kwa sababu urea kwa kawaida huvunjwa na bakteria wa udongoni na hapa udongo haupo. Mimi natia robo ya kipimo kilichoandikwa, mara moja kwa mwezi, kwenye maji yaleyale ya kuloweka. Chupa ndogo inakaa mpaka unasahau ulinunua lini.

Ionantha iliyofuata ilianza kuwa nyekundu kuanzia katikati kwenda nje, na mtu akaniambia inaungua, iondoe dirishani. Sikuiondoa. Baada ya muda ikatoa maua marefu ya zambarau yenye poleni ya njano nchani. Wekundu ule ni dalili ya maua. Mmea hewa ukishachanua hauchanui tena, na hapa wengi wanautupa wakidhani umekwisha, wakati ndiyo kwanza unatoa watoto kwenye kitako.

Watoto usiwe na haraka nao. Subiri wafike angalau theluthi ya ukubwa wa mama, shika mama kwa mkono mmoja na mtoto kwa chini kabisa, zungusha kidogo. Akigoma, muache. Mimi wengi sasa siwatengi. Wanaachwa wote wamkumbatie mama wawe kichaka, na kichaka kinachanua kwa zamu. Ubaya wake ni kwamba kichaka kinaficha maji katikati kuliko mmea mmoja, kwa hiyo kinakaa kwenye kamba muda mrefu zaidi, na mama aliyekauka humo ndani mng'oe jani kwa jani kwa koleo dogo kabla hajaanza kushika unyevu.