Mfereji ukikutana na korongo

Sisi wenye majaruba ya mpunga huku Igunga tunagombania zamu za maji mpaka tunanuniana, lakini pale mfereji unapokatiza korongo wote tunanyamaza na kutazama. Kiangazi korongo ni mchanga mtupu, ng'ombe wanajipitia. Mvua ikipiga huko juu, linashuka na magogo.

Fundi alilaza bomba la zege chini yake. Maji yanazama upande huu na kuibukia ng'ambo bila pampu, mradi mdomo wa kutokea uwe chini kidogo kuliko wa kuingilia. Balaa ni tope: maji yakienda taratibu, mchanga unatuama katikati ya bomba, mkono haufiki. Ndiyo maana mdomoni kuna wavu wa nondo na kishimo cha kunasa mchanga. Wavu hunasa mabua, kandambili, na siku moja kuku.

Mimi ningependa mfereji upite juu, kama daraja. Ila nguzo kwenye udongo wetu wa mbuga, unaopasuka kiangazi na kuvimba masika, ni gharama.

India walijaribu karibu kila njia kwenye mfereji mmoja, wa Ganges, uliofunguliwa 1854. Pale Roorkee mfereji unapita juu ya mto Solani. Pale Ranipur na Pathri, mito ya msimu ndiyo inayopita juu ya mfereji. Pale Dhanauri mfereji na mto vinakutana usawa mmoja, na milango inaongoza maji. Hiyo ya mwisho hapa kwetu siitaki kabisa. Nani ataamka saa nane usiku, mvua inamwagika, akafungue milango?