Nilivyoenda kuiona Mount Gelai, treni ya mvuke, Nairobi

Nimetoka Mombasa na SGR ya asubuhi, Tsavo watu wamejazana dirishani wanapiga picha ndovu, mchana tuko Syokimau nikadandia treni ya kuunganisha hadi stesheni ya zamani mjini. Nyumbani walijua nina shughuli ya maana, kumbe naenda kutazama vyuma pale Makumbusho ya Reli (yako toka 1971).

Wageni wengi walikuwa kwenye lile behewa ambalo simba alimtoa Ryall, afisa wa polisi, pale Kima mwaka 1900. Mi moja kwa moja kwa injini namba 5918, Mount Gelai. Ni injini ya mvuke aina ya Garratt, daraja la 59, kiwanda cha Beyer Peacock cha Manchester kilitengeneza 34 mwaka 1955 na 1956, tani 250 na ushee, na mzigo wote huo unatembea kwenye reli ya upana wa mita moja! Boila limening'inia katikati, injini mbele, injini nyuma, ndo maana jitu refu hivyo liliweza kona za kupanda kutoka pwani.

Nikakutana na mzee mmoja mstaafu wa reli. Nikamwambia shikamoo mzee, mbona iko safi hivi, inashindwa nini kutembea? Akacheka. "Rangi hata mtoto anapaka, kijana." Akaniambia tatizo ni boila. Kuna maboliti mengi yanashikilia ukuta wa tanuru, yamejificha huwezi kuyaona, basi fundi anapita na nyundo ndogo anagonga moja moja, zima linalia ngiii, lililokatika linatoa sauti nzito ya kufa. Bado mabomba ya ndani, maji yakiwa na chokaa inagandia nje yake, usipoosha chuma kinaungua. Na kabla ya moto lazima boila lijazwe maji baridi lipimwe kwa presha, likivuja unarudi mwanzo. Hata likipita, si pikipiki upige kiki uondoke, unapasha pole pole saa na saa, ukiharakisha chuma kinatanuka vibaya kinapasuka.

Spea sasa. Beyer Peacock walifunga 1966, kwa hiyo kitu kikivunjika unachonga umbo la mbao, unasubu chuma, unapeleka kwa mashine ya lethi, na mwenye mkono wa kazi hiyo awe bado yupo. Alafu hizi zinakula mafuta mazito, piga hesabu mwenyewe. Ila inawezekana, maana hii hii 5918 iliwahi kufufuliwa na ikavuta treni za watalii, pamoja na injini nyingine, 3020 Nyaturu.

Mzee analalamika vijana wanakuja kupiga selfi tu, hakuna anayetaka kukesha analinda moto. Hapo sikukubaliana naye, akeshe nani atamlipa? Mi ningepewa hela za kufufua injini hizi ningeacha rangi kabisa, nichague injini moja tu, niajiri mafundi wachache kwa mshahara wa kueleweka na kila mmoja apewe kijana wa kumfundisha, na ningeanza na wazee kama huyu wakiwa bado wanaweza kupanda ngazi ya kebini.