Madume wa nyuki ndio mtego wangu wa utitiri

Manzuki yangu, yaani mahali ninapoweka mizinga, iko upande wa Itigi, mkoani Singida, na varoa, utitiri wa nyuki, wamo humo. Wafugaji wenzangu wengi hawashughuliki nao, na si ajabu: utitiri huu ulitambuliwa Tanzania na Kenya mwaka 2009, lakini nyuki wetu hawakuteketea kama wale wa Ulaya na Marekani. Mimi nilianza kuufuatilia baada ya kundi moja kutoa nyuki wenye mabawa yaliyojikunja, wakitambaa chini ya mzinga bila kuweza kuruka.

Jirani alinishauri niweke dawa ya kuogeshea ng'ombe. Nikakataa. Dawa nyingi za utitiri hunasa kwenye nta, na nta ni sehemu ya mauzo yangu.

Kwanza nikapima. Jioni, moshi wa kutosha, unatoa sega la majana, yaani watoto wa nyuki ambao bado wako vitunduni, unahakikisha malkia hayupo juu yake, kisha unakung'utia nyuki kiasi cha nusu kikombe kwenye chupa yenye mfuniko wa wavu. Hao ni kama 300. Tia vijiko viwili vya sukari ya unga, zungusha chupa taratibu, iache dakika moja au mbili, halafu ipindue na uitikise juu ya sahani nyeupe yenye maji. Sukari inayeyuka, utitiri unabaki: vidoa vya kahawia, vipana kuliko virefu. Nyuki unawarudishia mzinga wao, weupe kwa sukari na wenye hasira zao zote. Mizinga iliyosimama chini ya mti mmoja ilitofautiana sana, mmoja utitiri mmoja au miwili, mwingine sahani imejaa.

Varoa jike huingia kwenye kitundu cha majana muda mfupi kabla hakijafunikwa, na yai lake la kwanza hulitaga siku mbili na nusu hivi baada ya hapo. Watoto watakaokuwa hawajakomaa nyuki anapotoka hufa. Nyuki mfanyakazi hukaa chini ya kifuniko siku 12 hivi, na kwa nyuki wetu hupungua kidogo; dume hukaa zaidi ya 14. Ndiyo maana varoa hupenda zaidi majana ya madume.

Basi msimu wa maua, kwenye mizinga iliyoshambuliwa, napachika kiunzi (fremu ya sega) kitupu katikati ya majana. Kundi lenye nguvu mara nyingi hulijaza pengo hilo kwa sega la madume, lenye vitundu vikubwa na vifuniko vilivyobinuka. Vikishafunikwa, nakata sega lote kabla dume yeyote hajatoka. Ukichelewa, umewafugia varoa. Nikichokoa kwa uma naona mwana mweupe wa nyuki na utitiri ukimkimbilia mgongoni. Kuku wanamaliza sega zima.

Mizinga safi siikati hata kidogo, na kwangu hili lina uzito kuliko mtego wenyewe. Madume wa mizinga hiyo safi wakipaa kutafuta malkia, wale wa mizinga michafu wengi wameshaishia kwa kuku. Vilevile nikigawa makundi nagawa yale yanayojisafisha. Kuyajua, natoboa kwa pini nyembamba majana 50 yaliyofunikwa na kurudi kesho yake: kundi hodari huwa limeshazoa karibu maiti zote, kundi zembe limeziacha humohumo.

Bwana nyuki wetu, afisa wa ufugaji nyuki, aliwahi kuniuliza kuhusu kuvu wa Metarhizium, anayeua varoa. Kuvu huyo napenda habari zake, ila katikati ya majana joto ni nyuzi 34 hadi 35, na aina zake nyingi hazilimudu. Watafiti wa Marekani wamezalisha aina inayostahimili joto zaidi. Ikifika kwetu ikiwa imethibitishwa, nitaijaribu kwenye mzinga mmoja.

Kiangazi kikikaza nasimamisha ukataji. Chakula ni haba, na nyuki wetu ukiwasumbua wakati huo wanahama, wakakuachia masega kwa ajili ya nondo.