Weka ile ya yule bibi

Jana usiku, mvua ilipoanza kupungua, mama akaniambia, "Weka ile ya yule bibi." Nikajua anamtaka Margaret Rutherford, mwigizaji wa Kiingereza, katika *Murder, She Said*. Filamu ni ya mwaka 1961, nyeusi na nyeupe, tumeitazama mara nne au tano, na bado pazia la treni likifyatuka mama hunishika mkono.

Rutherford ni Bi Marple, bibi mpelelezi wa vitabu vya Agatha Christie. Amekaa kwenye treni. Treni nyingine inakwenda sambamba na yake, pazia la dirishani linaruka juu ghafla, na anamwona mwanamume akimkaba mwanamke. Polisi wanatafuta maiti, hawaoni kitu. Wanamchukulia kama bibi aliyesinzia akaota. Basi anakwenda kuomba kazi ya utumishi katika jumba lililo kando ya reli.

Mama hajui Kiingereza zaidi ya salamu. Zamani nilikuwa namtafsiria kila neno, mpaka siku moja akasema, "Nyamaza, mwanangu, nimeelewa." Na kweli alielewa. Filamu za mauaji za Waingereza za miaka ile zina njia moja: jumba kubwa, mzee mwenye mali na ulimi mkali, ndugu wanaovizia urithi, daktari wa familia, chai, maiti ya pili, inspekta anayeuliza yaleyale. Ukishaijua njia huna haja ya kuitazama tena, unatazama watu. Mama hutazama mikono. Nani kakiweka kikombe chini bila kunywa. Nani kakimbilia kufungua mlango.

Wapo wanaozidharau kwa sababu zinafanana. Mbona hadithi za bibi zilifanana? Paukwa ilikuwa ileile, sungura yuleyule, na sisi tulizidi kusogea karibu na jiko.

Mimi humtazama sana Bwana Stringer, yule mkutubi mpole anayemsaidia. Katika kitabu cha Christie hayumo. Aliyemwigiza ni Stringer Davis, mume wa Rutherford hasa, na ukiona anavyomtazama akiwa anaaga kwenda kwenye hatari, huoni uigizaji pale. Tena yumo mtumishi mmoja mkali, Joan Hickson, ambaye kuanzia 1984 ndiye aliyekuja kuwa Bi Marple wa BBC.

"Yule bibi hapo ana miaka mingapi?" mama akauliza.

"Karibu sabini."

Akanyamaza. Yeye ana sabini na moja. Mwaka jana aliwaambia kwenye hospitali moja kwamba mguu unamuuma, wakamjibu ni uzee, wakampa dawa za maumivu. Alirudi mara tatu ndipo wakampiga picha. Mfupa ulikuwa umevunjika.

Maiti ikapatikana, magari ya polisi yakaingia uani kwa yule mzee, na inspekta ikabidi aje kuzungumza na mtumishi mpya. Mama akajifunika kanga vizuri mabegani.

"Rudisha kidogo," akasema. "Pale wanapomrudia."