Jaribu Kongwa

Leo nimefungua tena sanduku la barua za marehemu mama. Nikiwa darasa la tano nililipekua lote: niliziloweka bahasha kwenye beseni, stempu zikabanduka, nikazianika juu ya gazeti, makaratasi nikatupa jalalani. Ndivyo tulivyojua kukusanya stempu. Inaniuma mpaka leo. Samaki wa toleo la 1967 ninao, ila walikotoka na walikopitia sitajua kamwe.

Bahasha moja ilinusurika kwa sababu stempu yake, kipepeo wa 1973, ilikuwa imechanika pembe, nikaidharau. Mjomba aliituma kutoka Dar es Salaam kuja Kongwa. Mwandiko wake umebanana, na mtu aliyekuwa akichambua barua akasoma Korogwe. Barua ikashika njia ya Tanga, huku sisi tuko Ugogoni.

Igeuze nyuma. Muhuri wa Korogwe, tarehe 7 Juni 1974. Pembeni, kwa penseli ya bluu: “Jaribu Kongwa.” Kisha muhuri wa Kongwa, tarehe 15.

Wakusanyaji wazoefu huitafuta bahasha nzima yenye alama za namna hii, na sasa nawaelewa. Stempu yaonyesha nauli iliyolipwa. Mihuri ndiyo inayosema barua ilipita wapi na lini. Na ile penseli! Mjomba hakuandika anwani yake, kwa hiyo barua haikuwa na pa kurudi. Karani wa Korogwe angeweza kuiweka kando na zisizo na mwenyewe. Badala yake aliukazia macho mwandiko ule hadi akauona mji mwingine ndani yake, mbali kabisa na kwake. Simjui jina, lakini namshukuru.

Ndani mjomba anaomba apokewe stesheni ya Dodoma tarehe 12. Hakuna aliyekwenda. Alilala kwenye benchi na mzigo wake, na kesho yake akarudi na treni, akiamini dada yake kamsusa. Mama alisema barua ilichelewa. Alisema hivyo miaka yote, hadi tunamzika, na mjomba alikuwa akinyamaza tu.

Siku hizi mjomba anaishi Kizota kwa binti yake. Macho yamepungua nguvu, kwa hiyo kesho nitabeba na lenzi. Nitampa bahasha upande wa nyuma ukiwa juu, nimshikie lenzi, asome tarehe mwenyewe.