Miezi Mitatu kwa Mamdogo

Mwaka 2013 mama yangu alipata kiharusi kule Tanga. Mimi nilikuwa Coventry, nahudumia wazee kwenye makao yao na kulea mtoto wa miaka tisa peke yangu. Ndugu zangu wakawa wanapiga simu: njoo, njoo. Nauli ya watu wawili sikuwa nayo, na mtoto asingeweza kukosa shule muda wote huo. Baba yake, tulishaachana zamani, alijibu kutoka Dar: "Fanya unavyoona."

Nikamwendea shoga yangu, mtu wa Mombasa. Sijamaliza hata kueleza akanikatiza, "Mlete. Kwani hilo ni la kuuliza?" Nyumbani habari ingeishia hapo, mtoto akabebeshwa begi lake na kuambiwa asisumbue watu. Lakini shoga alikuwa akifanya kazi kwenye shule ya watoto wadogo, na sheria aliijua. Uingereza, mtoto wa chini ya miaka 16 akikaa siku 28 au zaidi kwa mtu asiye ndugu wa karibu, halmashauri lazima iarifiwe wiki sita kabla. Likiwa la ghafla kama letu, mara moja. Mzazi anaarifu, na anayempokea mtoto naye anaarifu. Mwanangu alimwita mamdogo tangu anajifunza kutembea, ila kwa kuwa hatukuzaliwa tumbo moja, kwa serikali yule alikuwa mtu baki.

Nilimwogopa afisa wa ustawi wa jamii kabla hata hajafika. Kwenye vikao vyetu stori zote ni za watoto kuchukuliwa. Huyu alikuja akatazama chumba na kitanda, akaandika majina ya wanaoishi pale. Waliofikisha miaka 16 wakachunguzwa rekodi za polisi. Kisha akaomba kuzungumza na mtoto peke yao. Nilipomuuliza kwa nini wanakaza hivyo, alimtaja Victoria Climbié, mtoto wa Ivory Coast aliyeletwa na shangazi wa baba yake na kufa kwa mateso jijini London mwaka 2000, akiwa na miaka minane. Idara kadhaa zilikuwa zimemwona, hakuna iliyomwokoa. Baada ya hapo sikuona tena udhia wa maswali yake.

Akatushauri tuandikiane makubaliano. Tukakaa jikoni kwa shoga, kalamu mkononi, chai inapoa. Shule ilikuwa nyepesi: nani amchukue, nani atie saini fomu za safari. Madrasa Jumamosi, hilo halikuwa na mjadala. Pumu ndiyo iliyotula muda. Ile dawa ya kuvuta ya rangi ya kahawia, mara mbili asubuhi na mara mbili jioni, hata akiwa mzima kabisa. Ya buluu anapobanwa tu. Nikaandika barua ya kumruhusu shoga ampeleke kwa daktari na akubali matibabu ya kawaida. Operesheni, nipigiwe mimi kwanza, usiku au mchana, maana haki na wajibu wa mzazi vinabaki kwangu hata nikiwa Tanga. Fimbo nayo tuliiandika: hakuna, hata kofi. Shoga akacheka, akaniambia anayefaa kuzuiwa ni mimi.

Pesa sasa. Halmashauri haitoi kitu kwa mpango wa namna hii. Anayelipa ni mzazi. Nilipotaja pauni za kila wiki shoga akaweka kikombe chini. "Wanilipa mimi? Kwani nimefungua hoteli?" Akanuna kweli. Nikamwambia mtoto anakula, anaoga maji ya moto, viatu vinamwishia kila baada ya muda mfupi, na mimi huko nitashindwa kumuuguza mama nikijua nina deni lisilo na hesabu. Tulivutana mpaka wanawe wakarudi kutoka shule. Mwisho akakubali pesa ya chakula na nguo, akakataa ya umeme, nami nikaandika hivyo hivyo: umeme, mwenyewe amekataa. Watu wetu wengi huruka kipengele hiki kwa kuoneana haya, halafu mtoto ndiye anayesikia minong'ono mezani.

Nikasafiri. Mama akaanza kunyanyua mkono wa kulia kidogo kidogo. Mwaka wa kwanza afisa hurudi kila wiki sita au kabla ya hapo, na siku moja nikiwa hospitalini simu ikaita.

"Shoga, mwanao amenishtaki serikalini."

Moyo ukanipasuka.

"Ameulizwa angependa kibadilike nini hapa kwangu. Kasema natia pilipili nyingi kwenye maharage. Yule mama kaandika kwenye faili!"

Nikamwambia pilipili haimo kwenye makubaliano yetu.

"Basi iongeze," akasema, "na uandike kwamba mwenyewe nimekataa."