Vitambulisho 400 vya shule: kazi iko kwenye orodha

Januari shule zikifunguliwa, steshenari za Mtwara mjini hupokea kazi inayofanana kila mahali: vitambulisho vya wanafunzi. Orodha inaletwa na shule, picha zimo kwenye simu ya mwalimu, na kadi zinatakiwa haraka. Madizaina wengi bado wanaandika jina mojamoja, wanaweka picha mojamoja, wanahifadhi, wanarudia. Kwa kadi 400 hiyo ni kazi ya siku kadhaa, na makosa huingia macho yakishachoka. InDesign, programu ya kupanga kurasa, inaweza kuzijaza zote kwa dakika chache kupitia Data Merge, zana inayoingiza orodha kwenye kiolezo kimoja, mradi orodha iwe safi. Ndiyo maana haya yafuatayo yana Excel nyingi kuliko InDesign.

Kila taarifa ikae kwenye safu yake: namba, jina, kidato, kata, simu ya mzazi, picha. Kabla ya kubandika chochote, chagua safu ya namba na ya simu uzifanye Text. Usipofanya hivyo, Excel inazichukulia kama namba za hesabu: 0147 inakuwa 147, simu inayoanza na 07 inapoteza sifuri, na ile iliyoandikwa kwa 255 mbele, kwa kuwa ina tarakimu 12, inageuka kitu kama 2.55785E+11. Hivyo ndivyo itakavyochapwa kwenye kadi ya mtoto. Namba ya usajili kama 12/3 inageuka tarehe. Ukibadilisha kuwa Text baadaye, sifuri zilizokwishapotea hazirudi; kwa namba zenye tarakimu nne tumia =TEXT(A2,"0000").

Majina nayo huja mchanganyiko: mengine herufi kubwa tupu, mengine ndogo tupu, mengine yana nafasi mbili katikati. TRIM inaondoa nafasi za ziada na PROPER inapanga herufi kubwa. Ila kwa majina ya huku kwetu PROPER inaharibu. Kila herufi inayofuata alama isiyo herufi inaifanya kubwa, kwa hiyo Ng'apa ya Lindi inatoka Ng'Apa, na majina ya watu yenye ng' yanapata pigo hilohilo. Dawa ni kuificha alama kwanza, kisha kuirudisha:

=SUBSTITUTE(PROPER(SUBSTITUTE(TRIM(B2),"'","zzz")),"zzz","'")

Kabla ya hapo tumia Find and Replace kubadilisha alama zote zilizopinda (’) ziwe zilizonyooka ('). Orodha iliyoandikwa kwenye Word au kwenye baadhi ya simu huja na zilizopinda, na hizo ndizo zinazogeuka takataka kama â€™ faili likisomwa kwa usimbaji (encoding) usio wake. Kiswahili hakina herufi zenye alama juu, kwa hiyo ukishamaliza hilo, mara nyingi hakuna kingine cha kuharibika.

Mwisho ongeza safu ya =LEN(C2), C ikiwa ndiyo safu ya jina lililosafishwa, upange kuanzia refu. Jina la kwanza hapo ndilo utakalolitumia kutengenezea kiolezo. Anayepima kwa jina fupi huja kugundua majina matatumatatu yaliyokatwa wakati karatasi zinatoka kwenye printa. Ukishaliona, rudisha orodha kwenye mpangilio wa namba.

Picha ndizo zenye hatari kubwa zaidi, kwa sababu kosa lake halionekani kwa urahisi. Wanafunzi wapigwe picha kwa mpangilio wa orodha. Asipokuwepo mmoja, piga picha ya karatasi yenye namba yake mahali pake. Ukiruka, picha zote zinazofuata zinasogea nafasi moja, na kila mtoto anapewa sura ya mwenzake. Kisha fungua folda kwenye Adobe Bridge, programu ya kupanga mafaili ya picha, panga kwa tarehe ya kupigwa, nenda Tools, Batch Rename, chagua Sequence Number yenye tarakimu nne, na uamuru nakala ziende folda nyingine. Utapata 0001.jpg, 0002.jpg na kuendelea. Fungua chache za katikati na ya mwisho, ulinganishe na rejesta pamoja na mwalimu mwenyewe.

Ukubwa wa picha ya pasipoti unaotumika hapa ni mm 35 kwa 45, yaani pikseli 413 kwa 531 kwenye dpi 300. Kwa ImageMagick, programu ya kuhariri picha kwa kuandika amri, amri moja inatosha:

magick mogrify -path tayari -auto-orient -resize "413x531^" -gravity center -extent 413x531 -density 300 -units PixelsPerInch *.jpg

Folda ya tayari iwepo kabla hujabonyeza Enter. Ukisahau -path, mogrify inaandika juu ya picha asilia na hakuna kurudi nyuma. Bila -auto-orient, picha za simu huenda zikalala ubavu.

Kwenye safu ya picha andika =TEXT(A2,"0000")&".jpg", A ikiwa namba ya mstari kwenye orodha. Kichwa chake kiwe '@picha: @ inaiambia InDesign kuwa safu hiyo ni ya picha, na alama ya juu (') itangulie, la sivyo Excel inadhani unaandika fomula. Hifadhi nakala kama Unicode Text, uiweke folda moja na picha. Ukitaka kuikagua tumia Notepad. Faili hilo ukilifungua kwa Excel na kulihifadhi tena, sifuri zinaweza kupotea upya.

Kadi ni mm 85.6 kwa 54. Kwenye A4 zinaingia 10, safu 2 kwa mistari 5, zikiachana mm 3, na bado ukingo unabaki mm 7.5 juu na chini. Fungua hati ya ukurasa mmoja, Facing Pages ikiwa imezimwa. Mchoro wa kadi unaokaa chini ya maandishi na picha uuweke kwenye ukurasa wenyewe. Ukiuweka kwenye Parent (ukurasa mama wa InDesign) haurudiwi, unapata kadi moja yenye rangi na tisa nyeupe. Chagua Multiple Records, picha zijaze fremu kwa uwiano, na uwashe taarifa ya maandishi yaliyozidi na onyo la picha zinazokosekana. Jaribu rekodi 10 kwanza. Zikikaa sawa, unganisha 100 kwa 100, maana umeme ukikatika katikati ya 400 unaanza upya.

Kuchapa ni Actual Size. Fit inapunguza kadi na hazitakaa vizuri kwenye vifuko. Mgongo ukiwa na simu ya mzazi, kumbuka karatasi ikigeuzwa kadi ya kushoto inakwenda kulia. Orodha ya mgongo ipangwe 2, 1, 4, 3, na idadi ikiwa witiri ongeza mstari mtupu kabla ya wa mwisho.

Orodha ya Excel na folda ya picha vikabidhiwe shule pamoja na kadi, visiachwe kwenye kompyuta ya dukani ambayo kila mteja anachomeka flashi. Taarifa hizo zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Wanafunzi wa namba 57, 112 na 230 wakipoteza kadi, shule inakuletea vyote tena, unaandika 57,112,230 kwenye Range ya Data Merge, na zinatoka hizo tatu tu.